Taa ya upepo wa tairi ikigoma kuzimika: Namna ya kubadilisha kihisi kilichokufa

Na Mwandishi Wetu, Hombolo

DEREVA anayetoka Dodoma mjini kwenda Hombolo huiacha barabara kuu ya Morogoro pale Ihumwa, kisha hushika njia ya kaskazini hadi kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957 na mashamba ya zabibu ya eneo hilo. Akichepuka kuingia mashambani, miiba ya migunga inamsubiri. Pancha huku si habari. Habari ni ile taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, inayoendelea kuwaka hata baada ya pancha kuzibwa na upepo kujazwa.

Mara nyingi taa ya namna hiyo huwa imeacha kuzungumzia tairi. Inazungumzia kihisi, kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya rimu kwenye shina la vali, ambacho hupima upepo na kuutangaza kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Mafundi wengi hukiita sensa, jina ambalo kwa Mtanzania wa kawaida humkumbusha karani wa kuhesabu watu. Kwa kweli kazi zao hazipishani sana, kwani zote ni kuhesabu na kupeleka taarifa.

Vifaa hivi vilienea baada ya msiba. Nchini Marekani, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha katika ajali zilizohusishwa na matairi ya Firestone yaliyobanduka, mengi yakiwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Sheria iliyofuata, iliyotiwa saini Novemba 2000, ndiyo iliyozaa kanuni ya kuyataka magari mapya kumwonya dereva upepo unapopungua kwa asilimia 25. Umoja wa Ulaya uliweka sharti la onyo la aina hiyo kwa magari yote mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Japani haikuweka sharti kama hilo, na ndiyo maana magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka huko hayana kifaa hiki kabisa. Anayekutana nacho zaidi ni mwenye gari la Ulaya, au lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya au Marekani.

Tatizo ni umri. Betri ya kihisi imefungiwa ndani ya plastiki na haibadilishwi; hudumu kati ya miaka 5 na 10. Gari lililoagizwa likiwa na miaka minane hufika bandarini Dar es Salaam na vihisi vilivyo ukingoni mwa maisha yake. Mnunuzi hudhani ameuziwa gari bovu, kumbe ni betri nne ndogo zilizochoka kwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote, pima upepo kwa geji tairi likiwa limepoa. Namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si ile iliyopo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha juu. Taa ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida upepo ni pungufu. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikatulia ikiwaka, hapo mfumo wenyewe una hitilafu. Wakazi wa nyanda za kati wakumbuke pia kuwa upepo hushuka karibu PSI 1 kwa kila nyuzi 6 za joto zinazopungua. Asubuhi ya Julai taa inaweza kuwaka kwa tairi lililokuwa tayari pungufu, na mchana ikazimika yenyewe. Hilo si bovu, lijazwe upepo tu.

Aidha, yapo magari yasiyo na kihisi ndani ya tairi. Hutumia mfumo wa breki za ABS kulinganisha mzunguko wa magurudumu, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka zaidi. Katika magari hayo hakuna cha kufungua. Ni kujaza upepo na kuuweka upya mfumo kwa kitufe au kupitia menyu ya gari.

Ikithibitika kuwa kihisi kimekufa, fundi mwenye kifaa cha kuviamsha vihisi atajua ni cha gurudumu lipi. Kubahatisha ni kupoteza fedha. Kihisi kipya lazima kilingane na gari kwa aina na kwa masafa: magari mengi ya soko la Marekani na Japani hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433. Hapa wengi hunaswa, maana gari la aina moja na mwaka mmoja, moja likiwa limetoka Uingereza na jingine Japani, huweza kuhitaji vihisi tofauti.

Kazi yenyewe huanza kwa kupiga jeki, kutoa gurudumu na kumaliza upepo wote. Ukingo wa tairi ubanduliwe upande ulio mbali na vali. Fundi anayechomeka chuma na kugonga nyundo karibu na vali atavunja hata kihisi kizima, na kwa maoni ya mwandishi huyu, vihisi vingi vinavyodaiwa kufa vimeuawa hivyo wakati wa kuziba pancha. Mwambie mapema kwamba ndani kuna kifaa, kabla hajashika chuma.

Kihisi cha zamani hufunguliwa kwa nati ya nje ya vali. Kipya kifungwe na mpira wake mpya, na nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani shina la alumini hukatika likikazwa kwa nguvu za mkono. Namba iliyoandikwa kwenye kihisi inakiliwe kabla tairi halijarudishwa. Baada ya kujaza upepo, gurudumu lipimwe balansi, na kifuniko cha vali kiwe cha plastiki. Cha shaba hushikana na alumini kwa kutu hadi kisitoke tena.

Mwisho kompyuta itambulishwe kihisi kipya. Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa kwa dakika kadhaa, mengine huhitaji kifaa kinachochomekwa chini ya usukani. Vipo vihisi vya kupangwa vinavyoweza kupewa namba ya kile cha zamani, na kompyuta isijue kuwa kimebadilishwa. Kwa anayeishi Hombolo Makulu au Bwawani, hiyo ndiyo njia ya kumpunguzia safari ya pili ya mjini.

Asiyeweza kumudu kihisi kwa sasa anaweza kufungiwa vali ya kawaida ya mpira, na gari likatembea bila shida. Taa tu ndiyo itakayobaki ikiwaka. Kuiziba kwa gundi ya karatasi, kama wafanyavyo baadhi, humwacha mnunuzi wa baadaye gizani. Dereva wa namna hiyo awe na geji yake, apime kila baada ya wiki mbili, asisahau tairi la akiba, na apime tena kila atokapo kwenye njia zenye miiba kabla hajarudi kwenye lami na kuongeza mwendo.