Karatasi Yenye Pembe Nne

Historia ya dawa husimuliwa zaidi kwa majina ya wagunduzi. Mimi hupenda kuikumbuka kwa karatasi moja tu, yenye mistari miwili iliyokatana.

Mwaka 1937 Louis Hammett wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alionyesha kwamba kikundi cha atomu kilichopachikwa kwenye pete ya benzini kinaweza kupewa namba, kulingana na kinavyovuta au kusukuma elektroni. Katika miaka ya 1960 Corwin Hansch wa Chuo cha Pomona, California, pamoja na Mjapani Toshio Fujita, wakaongeza namba ya pili: kadiri kikundi kinavyoifanya molekuli ipende mafuta kuliko maji. Jambo hilo si dogo, kwani dawa husafiri katika damu, ambayo sehemu kubwa ni maji, kisha haina budi kupenya utando wa seli, ambao ni wa mafuta.

Basi majedwali yakajaa namba. Lakini jedwali ni kama umati wa watu sokoni: wote wapo, na humtambui hata mmoja. Mwaka 1971 Paul Craig akazichora. Katika mchoro wake, kama unavyochapwa vitabuni, mhimili mlalo ni wa mafuta na ule wima ni wa elektroni; haidrojeni imeketi katikati, penye sifuri. Klorini iko juu kulia: mafuta 0.71, elektroni 0.23. Methili iko chini kulia, siano juu kushoto, haidroksili chini kushoto.

Faida yake ni nini? Tuseme mtafiti amepachika klorini, kisha bromini, na dawa ikapata nguvu. Je, nguvu hiyo imetokana na mafuta au na elektroni? Hawezi kujua, maana sifa zote mbili zimepanda pamoja. Mchoro humwonyesha kwamba anazunguka pembe moja tu. Na ajaribu methili, inayopenda mafuta bila kuvuta elektroni. Hapo ataanza kuzitenganisha sababu.

Leo kompyuta huchora sifa nyingi kwa maelfu ya kampaundi. Hata hivyo, mimi bado huwaanzishia wanafunzi wangu kwa karatasi ile. Haisemi dawa iko wapi, wala haijui kama itamdhuru mgonjwa. Humwonyesha mtafiti mahali ambapo hajakanyaga. Na kila kampaundi isiyomfunza jipya ni siku ambazo mgonjwa amezidi kungoja.