Mirathi ya Wachoraji Waliokufa Vijana

Raphael, mchoraji wa Urbino aliyewatumikia mapapa wawili, alifariki mjini Roma siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1520, akiwa na umri wa miaka 37, akaacha katika jumba la Vatican ukumbi mzima, uitwao ukumbi wa Constantine, ambao kuta zake zilikuwa bado zikingoja rangi. Hasimu wake, Sebastiano del Piombo, alifanya hima kuomba apewe yeye kazi ile. Lakini Giulio Romano na wenziwe, vijana waliolelewa katika karakana ya marehemu, walishika michoro aliyowaachia wakautimiza ukumbi ule mwaka 1524.

Aghalabu tunaposimuliwa habari za wachoraji wa Ulaya waliokufa mapema, tunahesabiwa umri wao tu: Géricault miaka 32, Schiele miaka 28, aliyechukuliwa na homa ya mafua mwaka 1918 siku tatu baada ya mkewe, Van Gogh miaka 37, nasi tukasikitika, tukafunga kitabu tukiwa na huzuni pasipo maarifa. Swali lenye faida zaidi, kwa rai yangu, ni kuuliza nani alibaki nyuma yao. Van Gogh alipokufa mwaka 1890 picha zake zilikuwa hazina soko, na nduguye Theo, aliyekuwa mlezi wake, akamfuata baada ya miezi sita. Lau si Johanna, mjane wa Theo, aliyezitunza picha zile kwa subira na kuzitoa barua za Van Gogh kitabuni mwaka 1914, pengine jina hilo lisingalifika masikioni mwetu.

Nasi huku Afrika ya Mashariki tunaye wetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta riziki kwa kazi za nyumbani na za mikono, na hakushika brashi kwa kazi ya kuuza ila mwaka 1968, alipokuwa mtu mzima wa miaka 36. Turubai hakuwa nayo, wala rangi za wasanii zinazouzwa kwa vichupa; alichukua vipande vya mbao za dari, vya mraba wa futi mbili hivi, akavipaka rangi ya baiskeli, ile inayong'aa na kukawia kukauka. Kwanza aliijaza mbao nzima rangi moja, kisha juu yake akamsimamisha mnyama mmoja mkubwa, chui au ndovu au ndege, akimzungushia mstari na kumtia madoa moja moja, hata ukimtazama waona kuwa mkono uliomchora haukuwa na shaka hata kidogo. Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipozoea kupita wageni wenye fedha.

Muda aliopewa ulikuwa kiasi cha miaka minne. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakiwaandama wezi walilidhania gari alimokuwamo kuwa ndilo la wezi hao, wakalipiga risasi, naye akafa. 

Lakini katika miaka ile minne Tingatinga alikuwa amekwisha kufundisha. Aliwaita jamaa zake na watu wa kwao, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba na Omari Amonde, pamoja na nduguye Simon Mpata, akawaketisha karibu yake, nao wakajifunza kwa kumtazama. Mpata alihamia Nairobi akajipatia sifa yake hadi Ujapani, naye pia hakuzeeka, kwani alifariki mwaka 1984. Waliobaki Dar es Salaam walifundisha wana na wapwa zao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kilichobeba jina la mwalimu wao. Mimi nasema wazi kuwa jambo hili ni kubwa kuliko hata ubora wa picha zake: mtu asiyepitia shule ya sanaa wala kuwa na mlezi tajiri alifanya kwa miaka minne kazi ambayo Raphael aliifanya akiwa na hazina ya papa nyuma yake.

Yuko na aliyeacha mirathi ya namna nyingine. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Katanga mwaka 1947, alichora historia ya Kongo, na katika miaka ya 1973 na 1974 akamweleza mtaalamu Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha Katanga, maana ya picha 101, moja baada ya nyingine. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena. Lakini maneno yake yamehifadhiwa.

Huku kwetu Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ustadi wa kupamba umekaa zaidi mikononi mwa wanawake. Tazama dhiil, chombo cha maziwa ya ngamia: nyuzi za mimea hufumwa zikabanwa hata maziwa yasivuje, ndani hufukizwa kwa moshi wa kuni, na nje hupambwa kwa ngozi na kauri. Binti huupata ufundi huo kwa mamaye, kwa hiyo kazi imedumu. Bali jina la mfumaji halikuandikwa popote, wala hapana ajuaye ni wangapi katika mabingwa hao waliokufa kwa uzazi au kwa ukame kabla ya kufika miaka 30. Basi nawasihi wenye nyumba: kama unacho chombo cha namna hii, kilichofumwa na shangazi au nyanya yako, muulize yeye au wamjuao jina lake kamili, mwaka na mahali alipokifuma, ukayaandike leo.