AMNUT

AMNUT, yaani Umoja wa Kitaifa wa Waislamu Wote wa Tanganyika, kilikuwa chama cha siasa cha kihafidhina kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Hoja yake kuu ilikuwa elimu. Shule nyingi za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na AMNUT iliona kwamba uhuru ukija upesi, nafasi za serikali zingewapita Waislamu, ikaomba ucheleweshwe. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Dawa yake ndiyo iliyokataliwa, tena na Waislamu wenyewe: wazee na masheikh wa Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, walikuwa nguzo za TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, tangu 1954.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. AMNUT haikupata hata kimoja. Mfumo wa chama kimoja ulifuata mwaka 1965. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa ilikataza kusajili chama chenye msingi wa dini.