Tanzania: Mbunge wa kuteuliwa hupata kura baada ya kiapo

Nchini Tanzania, Ibara ya 66 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kuteua wabunge wasiozidi 10. Hata hivyo, uteuzi pekee hautoshi. Ibara ya 68 inamtaka kila mbunge aape kiapo cha uaminifu kabla ya kushiriki shughuli za Bunge. Jambo moja tu halifungwi na sharti hilo: uchaguzi wa Spika. Kwingineko, kati ya uteuzi na kiapo, kiti kina mwenyewe lakini kura inasubiri. Akishaapa, kura yake ina uzito sawa na ya mbunge wa jimbo, hata katika kubadili Katiba, ambako huhitajika angalau theluthi mbili ya wabunge wote.