Mafuta Yameshiba Nini?

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza, nilimkuta mama wa mandazi pale Hamza, Makadara, ameinamia karai lake. Mafuta ya kupima aliyoyaacha humo usiku yalikuwa yamegeuka uji mzito wenye madonge meupe. Juzi yake alikuwa ametoka kliniki, kolesteroli iko juu, akaambiwa apunguze mafuta yaliyoshiba. "Mwalimu," akaniuliza, "mafuta yameshiba nini?"

Yameshiba haidrojeni. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni, na kila kaboni ina mikono minne. Ikishawashika jirani zake, mikono inayobaki hushika haidrojeni. Ikiwa hakuna nafasi hata ya haidrojeni moja zaidi, mnyororo umeshiba. Lakini kaboni mbili zikishikana kwa mikono miwili miwili, haidrojeni mbili hukosa mahali. Mnyororo huo haujashiba, na kwa kawaida hupinda papo hapo. Iliyoshiba imenyooka, hivyo hupangika kama mbao za soko la Gikomba: asidi ya palmitiki huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Oleiki, yenye pindo moja, huyeyuka kwenye nyuzi 13 au 14. Mafuta ya mawese, kama hayo ya karai, yana karibu nusu kwa nusu ya aina hizo mbili, ndiyo sababu huganda nusunusu kwenye baridi.

Wako wanaoona jina "mafuta ya kuganda" lingetosha badala ya "yaliyoshiba", maana ndilo jina la dukani. Mimi nalikataa kama istilahi. Mafuta ya nazi yakiwa Mombasa humiminika, yakifika Makadara mwezi wa Julai huwa jiwe. Hayakubadilika chochote njiani: kote yameshiba kwa takriban asilimia 90. Kuganda ni habari ya hali ya hewa, kushiba ni habari ya mafuta yenyewe.

Tena neno kuganda limewatia watu hofu isiyo sahihi, kwamba mafuta huganda ndani ya mishipa kama kwenye karai. Damu ina nyuzi 37 na mafuta hayasafiri humo peke yake. Hufungashwa pamoja na kolesteroli katika vifurushi viitwavyo lipoproteini. Kati ya hivyo, LDL hupeleka kolesteroli mwilini, HDL huirudisha kwenye ini. Ini nalo lina vipokezi vya kunasa LDL na kuiondoa. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyofichua vipokezi hivyo. Tukila sana mafuta yaliyoshiba, vipokezi hupungua, LDL ikabaki ikizunguka, na nyingine hujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Asidi ya linoleiki, yenye pindo mbili, ikichukua nafasi ya hayo, LDL hushuka.

Hata hivyo, asidi zilizoshiba hazifanani. Lauriki, miristiki na palmitiki, zenye kaboni 12, 14 na 16, hupandisha LDL. Steariki ya mafuta ya ng'ombe ina kaboni 18, imeshiba kabisa, na karibu haiipandishi.

Mabaya kuliko yote hayakushiba. Viwanda viliyalisha mafuta ya mimea haidrojeni, vikaachia njiani. Baadhi ya minyororo ikabaki na nafasi lakini ikanyooka. Hayo ni mafuta ya transi: hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe kwenye vyakula vya viwandani duniani kote. Mimi huyaita mafuta ya nusu shibe, na jina hilo halipatikani kwenye "kuganda".

Yule mama akauliza kuhusu mafuta ya alizeti. Nikamwambia yaliyoshiba humo ni kama sehemu moja kwa kumi.

"Basi hayo yana njaa," akasema.

Yana njaa kweli. Ndiyo maana yakikaangiwa siku nenda siku rudi hudaka oksijeni ya hewani na kuharibika upesi kuliko yale ya karai lake.