Niyad jab: Picha za ubongo na nia iliyovunjika

Katika lugha ya Kisomali, inayozungumzwa na wakazi wengi wa Garissa, yapo maneno mawili yanayoieleza vyema dalili moja ya maradhi ya sonona: niyad jab, yaani kuvunjika nia. Niyad na nia ya Kiswahili zina asili moja, Kiarabu. Aliyepatwa na hali hiyo si lazima aonekane akilia. Huenda akawa mfugaji wa Iftin aliyezoea kudamka kwenda soko la mifugo, ambaye sasa hulala hadi adhuhuri, na hata bei ya mbuzi ikipanda hajali. Ni rahisi kumwita mvivu.

Picha za ubongo zinaonyesha kuwa hukumu hiyo si ya haki. Mashine ya MRI, kwa nguvu za sumaku, inaweza kufuatilia damu yenye oksijeni inavyoelekea sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Mwaka 2009, mtafiti Diego Pizzagalli na wenzake nchini Marekani waliwapiga picha wagonjwa wa sonona wakicheza mchezo wa kushinda fedha. Waliposhinda, baadhi ya sehemu za striatamu, iliyo ndani kabisa ya ubongo, ziliitika kwa udhaifu kuliko za watu wenye afya. Striatamu hupokea kemikali ya dopamini, na husaidia kupima iwapo jambo linastahili kutolewa jasho.

Utafiti wa Michael Treadway na wenzake, uliochapishwa 2012, uliwataka washiriki wachague: kubonyeza kitufe mara chache kwa malipo madogo, au mara nyingi kwa malipo makubwa. Wenye sonona waliichagua kazi ngumu kwa nadra zaidi.

Hata hivyo, matokeo hayo ni wastani wa makundi. Hakuna picha ya ubongo inayoweza peke yake kuthibitisha kwamba fulani ana sonona, hivyo hapana haja ya familia kuuza ngamia ili mgonjwa akapigwe picha Nairobi kwa sababu hiyo tu. Wala striatamu haielezi kila kitu. Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, wakimbizi huita buufis ile shauku ya kuhamia ng'ambo inayomfanya mtu ashindwe kuyajali maisha ya pale alipo. Miaka ya kungoja nayo ina sehemu yake.

Sonona hutambuliwa kwa kuuliza. Dodoso la PHQ-9, linalotumika kwingi duniani, huanza na swali la iwapo mtu amepungukiwa na hamu ya kufanya mambo katika wiki mbili zilizopita. Swali la tisa huhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Anayejibu ndiyo asiachwe hadi kesho.

Mbali na dawa, ipo tiba ya mazungumzo isiyongoja hamu irudi kwanza. Mgonjwa hupangiwa jambo dogo, kama kutembea hadi msikitini au kumkamua mbuzi mmoja, naye hulifanya vivyo hivyo bila hamu, kisha huongezewa lingine.