Bujora: Ngoma Zilizopata Makao Parokiani



Katika mikutano yetu hapa Bunia swali moja hurudi mara kwa mara: je, Mkristu aweza kupenda ngoma na mila za wazee wake bila kumwacha Kristu? Vita vya miaka 1999 hadi 2003 viliongeza swali la pili, lililo zito zaidi: je, aweza kuzipenda bila kumchukia jirani wa kabila lingine? Leo tusikilize jibu la parokia moja nchini Tanzania.

Parokia ya Bujora iko Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, katika nchi ya Wasukuma. Ilianzishwa mwaka 1952 na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ndugu za wale waliohubiri Injili hapa Bunia pia. Padri huyo hakuja kuzima ngoma. Aliwakusanya wazee na walei wa Kisukuma katika kamati ya utafiti, wakaandika nyimbo, methali na desturi. Kanisa likajengwa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na alama za utemi zikawekwa humo kumheshimu Kristu Mfalme. Hayo yalianza miaka kumi na zaidi kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatangaza, mwaka 1963, kwamba Kanisa laheshimu na kukuza vipaji vya kila taifa.

Baada ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, serikali iliondoa madaraka ya watemi. Ngoma zao, viti vyao na mavazi yao vingeweza kutawanyika na kuuzwa. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa Bujora mwaka 1968, yakavipa hifadhi. Banda la utemi lina umbo la kiti cha mtemi. Kuna pia nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na banda la vyama vya ngoma.

Hapo penye vyama vya ngoma ndipo tunapopenda kukawia. Tangu karne ya 19 Wasukuma wana vyama viwili vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na wacheza ngoma wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Parokia haikuyafuta mashindano hayo. Iliyakaribisha katika sherehe ya Bulabo, inayoanza na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu, wakati maua yanapotandazwa mbele ya Ekaristi. Baada ya maandamano hayo ngoma hulia, uhasimu ukabaki uwanjani, na hakuna anayezikwa.

Tusijidanganye, hata hivyo. Bagika na Bagalu ni watu wa lugha moja. Ituri ina Wahema, Walendu, Wabira, Waaluri, Walugbara, Wambuti na wengine wengi, na kati yetu yapo makaburi. Lakini hata sisi tuna hazina: agwara ya Waaluri, uhunzi wa Waokebo, nyimbo za Wambuti zenye sauti nyingi pamoja. Mzee anapofariki bila kuulizwa, hazina hiyo huenda naye. Na kila kabila likihifadhi vyake peke yake, kumbukumbu yaweza kunolewa kama mkuki. Bujora inatufundisha kuiweka mahali ambapo jirani naye anaalikwa kutazama, na mbele ya Yule ambaye ni mkate mmoja kwa wote.

Kazi hiyo haingoji fedha nyingi. Daftari moja na mzee mmoja vyatosha kuanzia.

Maswali ya kutafakari kikundini:

1. Ni chombo, wimbo au hadithi gani ya kwenu ambayo hujawahi kumwuliza mzee maana yake?
2. Ni jambo gani jema la kabila lingine unaloweza kulisimulia kwa heshima mbele ya wenyewe?
3. Ikiwa parokia yetu ingetenga chumba kimoja kwa ajili ya urithi wa wote, tungeweka nini kwanza, na nani angekabidhiwa ufunguo?